Digrii za lishe, makuzi ya mtoto na masomo ya familia: maswali ya wanafunzi na wazee wa Unguja na Pemba

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka tu, simu yangu haina raha. Anapiga kijana wa Konde, anapiga mama wa Jang'ombe, anapiga mwalimu wa skuli niliyosoma mwenyewe. Nilisoma lishe Morogoro, nikarudi Pemba, na tangu hapo nimekuwa kama dawati la maulizo la mtaa. Haya ndiyo maswali yanayojirudia. Pale ambapo jibu ni mawazo yangu na si kanuni ya mtu yeyote, nimesema.

Kuna digrii moja yenye familia, mtoto na lishe kwa pamoja?

Iliyokaribia zaidi ni ile ya zamani ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, tunachokiita SUA, iliyokuwa ya Sayansi Kimu na Lishe ya Binadamu. Siku hizi mambo yamegawika: kuna digrii ya Lishe ya Binadamu, na kuna ya Masomo ya Familia na Mlaji. Ya kwanza inashughulika na mwili na chakula kinachouingia. Ya pili inaichukua kaya nzima: pesa na muda vinavyotumika, malezi, haki za mnunuzi, na chakula kikiwamo humo humo.

Makuzi ya mtoto mara nyingi utayakuta upande wa elimu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina digrii ya ualimu wa elimu ya awali, ambayo sisi Zanzibar tunaiita ya maandalizi. Na familia iliyovunjika, mtoto aliyetelekezwa, mke anayepigwa, hayo yako kwenye ustawi wa jamii.

Kwa hiyo usianze na alama. Mimi humuuliza kijana hivi: ukiingia nyumba yenye mtoto anayeugua ugua, jicho lako linakwenda wapi kwanza? Kwenye sahani, kwenye vitu anavyochezea, au kwenye ugomvi wa baba na mama? Akinijibu kwa kweli, nusu ya kazi imekwisha.

Hapa Zanzibar siwezi kusoma chochote cha aina hii?

Unaweza. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kina ustawi wa jamii na ualimu, na masomo ya afya kule Mbweni. Kilianzishwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kufundisha 2001. Chuo Kikuu cha Zanzibar cha Tunguu na kile cha Abdulrahman Al-Sumait cha Chukwani vinafaa kutazamwa pia, hasa kwa anayevutiwa na ualimu au sheria za familia. Chuo Kikuu Huria nacho kina vituo Unguja na Pemba, nitakirudia chini.

Wengi wanaotaka lishe yenyewe, lakini, huvuka maji. Orodha ya kozi hubadilika, basi soma ya mwaka wako. Usitegemee aliyosoma dada yako.

Ati ni digrii ya kupika?

La. Hili swali huulizwa na mababa, na huulizwa kwa kicheko.

Mwaka wa kwanza wa lishe ni kemia ya viumbe, fiziolojia ya mwili, vijidudu vya chakula na takwimu. Utapika, ndiyo, lakini utapika huku umeshika mizani na kipimajoto, ukitafuta ni kiasi gani cha vitamini C kimebaki kwenye mchicha uliochemshwa kwa dakika kumi. Anayekuja akitarajia biriani atalia. Anayeogopa kemia naye atalia, na kilio chake ni kirefu zaidi.

Alama gani zinahitajika kwa aliyemaliza kidato cha sita?

Kiwango cha chini kinawekwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, nacho ni kimoja kwa Bara na Visiwani: ufaulu mkuu, yaani A hadi E, wa masomo mawili, yenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. S ni nusu pointi, na S si ufaulu mkuu.

Hapa ndipo watu wanapojikwaa, basi tuhesabu pamoja. Mwenye D mbili ana 4.0, amepita. Mwenye C na E ana 4.0, amepita. Mwenye E mbili ana ufaulu mkuu wa masomo mawili lakini pointi zake ni 2, hajafika. Mwenye B na S ana pointi 4.5, anashangilia, lakini ufaulu mkuu wake ni wa somo moja tu, na hajafika vilevile. Huyu wa mwisho ndiye huja kwangu na machozi, kwa sababu mtu fulani mtaani amemwambia tayari ni mwanachuo.

Kisha kuna maneno mengine madogo yanayoua zaidi: pointi hizo zitoke kwenye masomo mawili *yanayotambuliwa na kozi unayoomba*. Kwa lishe, yanayotazamwa kwanza ni Baiolojia na Kemia. Mwaka juzi nilikaa na binti wa Chake Chake mwenye B ya Elimu ya Dini ya Kiislamu, C ya Jiografia na E ya Baiolojia. Cheti kizuri, na anajivunia kwa haki. Kwa lishe hakikumfaa. Kwa ualimu na ustawi wa jamii milango ilikuwa wazi, na mmoja akauingia.

Masomo ya jumla, lile somo la lazima kwa wote, halihesabiwi.

Na kumbuka kwamba hicho ni kizingiti cha chini. Chuo kinaruhusiwa kupandisha juu yake, kikaongeza na sharti la kidato cha nne, kwa mfano ufaulu wa Hisabati au Kiingereza. Hayo yote yameandikwa kozi kwa kozi katika kitabu cha mwongozo cha TCU kinachotoka kila mwaka, nacho ni bure.

Nilimaliza 2014 au 2015. Hesabu ni hiyo hiyo?

Siyo. Miaka hiyo miwili ilikuwa na mfumo wake wa madaraja: A pointi 5, B+ pointi 4, B pointi 3, C pointi 2, D pointi 1, E nusu. Unahitaji ufaulu wa masomo mawili kuanzia C kwenda juu, na jumla ya 4.0. C mbili zinatosha. Waliomaliza kabla ya 2014, au kuanzia 2016, wanafuata hesabu ya juu.

Mwanangu yuko kidato cha pili. Mbona tunaharakishwa?

Kwa sababu mchujo unaanzia hapo, mzee wangu. Watu wanadhani chuo kinachaguliwa Julai, baada ya matokeo. Aliyeacha Kemia kidato cha tatu hana njia ya kuingia mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) au CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) kidato cha tano, na asiyekuwa na mchepuo huo hana Kemia na Baiolojia za kuombea lishe. Mlango umefungwa miaka minne kabla hajaujua jina.

Kuna pia mchepuo wa CBN, yaani Kemia, Baiolojia na Lishe, unaolingana na kozi hii kama pete na kidole, ila skuli zinazoufundisha ni chache. Usimhamishe mtoto kwa ajili ya CBN tu. PCB na CBG zinamfikisha.

Haya ni mawazo yangu: wasichana wetu wengi hukatishwa tamaa ya Kemia na mtu, wala si na somo lenyewe. Skuli moja niliyopita, ambayo siitaji, mwalimu aliwagawa wanafunzi kwa kuwatazama usoni: "Wewe sanaa, wewe sanaa, wewe sayansi." Maabara ilikuwa na mitungi miwili ya asidi na taa moja ya spiriti, na aliona hakuna haja ya kuwagombanisha watu arubaini. Mimi niliwekwa sanaa. Mama yangu, asiyejua hata Kemia ni nini, alikwenda asubuhi yake na kanga yake ya shughuli, akakaa ofisini mpaka nikahamishwa.

Nina stashahada, sina kidato cha sita. Nimekosa?

Hujakosa. TCU inataka ufaulu usiopungua masomo manne ya kidato cha nne, kuanzia D, na stashahada ya fani inayohusiana yenye GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.0. Neno "inayohusiana" ndilo la kulichunga: stashahada ya uuguzi au ya kilimo inaweza kukupeleka kwenye lishe pale kozi inapoitaja, ya uhasibu haikupeleki. Vilevile utahitaji namba ya uthibitisho wa tuzo, AVN, kutoka NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Iombe mapema, si usiku wa kufunga dirisha.

Na aliyeshindwa kote?

Chuo Kikuu Huria kina kozi ya msingi. Ukiipasi kwa GPA isiyopungua 3.0, na masomo ya kundi lako yakiwa mazuri, unaomba digrii kama wenzako. Si njia ya mkato. Ni mwaka wa kusoma peke yako, na wengi huukimbia katikati.

Ninaomba kupitia TCU?

Hapana, hayo yalikuwa ya zamani. Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 unaomba moja kwa moja chuoni, kwenye mfumo wa chuo chenyewe. Unaruhusiwa kuomba zaidi ya kimoja. Ukichaguliwa na viwili au vitatu, jina lako halikai popote mpaka uthibitishe kimoja, kwa namba ya siri inayokuja kwenye simu. Basi namba ya simu uliyojaza iwe yako. Usijaze ya binamu yako aliye Dubai, wala laini ya kuazima. Kijana mmoja wa Wete alichaguliwa, ujumbe ukaenda kwa kaka yake aliyekuwa bandarini Tanga, kaka akaufuta akidhani ni matangazo.

Aliyesoma sekondari nje, Kenya au Oman tuseme, atangulie NECTA, baraza la mitihani, kulinganishiwa cheti. Bila hivyo mfumo haumtambui.

Mkopo nitapata wapi?

Kuna bodi mbili. Ya kwetu ni Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2011. Ya Muungano ni HESLB. Kila moja ina masharti yake, tarehe zake na fomu zake. Usijaze huku na huku ukadhani utapokea bumu, yaani pesa ya kujikimu, mara mbili.

Kwa HESLB cheti cha kuzaliwa cha Mzanzibari lazima kihakikiwe na wakala wetu wa usajili wa matukio ya kijamii, kama vile wa Bara wanavyokwenda RITA. Fomu inataka pia mdhamini na saini ya serikali ya mtaa, ambayo kwetu ni sheha. Sheha naye ana shughuli zake, harusi na misiba, mfuate mapema. Ukishaajiriwa, HESLB hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Watu wakisikia hivyo hushtuka, lakini ni bora kulijua sasa kuliko kulikuta kwenye karatasi ya mshahara wa kwanza.

Nitasoma nini hasa, mwaka kwa mwaka?

Digrii hizi kwa kawaida ni miaka mitatu, na digrii ya miaka mitatu haipungui krediti 360, yaani 120 kwa mwaka. Krediti moja inahesabiwa saa kumi za kazi: darasani, maabara, maktaba, na zile za usiku ukiwa na daftari na chai ya rangi.

Mwaka wa kwanza nimeshautaja. Wa pili unaingia kwenye lishe ya mama na mtoto, lishe ya wagonjwa, usalama wa chakula, na namna ya kupima hali ya lishe ya jamii. Wa tatu ni utafiti wako mwenyewe. Katikati, kwenye likizo ndefu, kuna fildi, yaani mafunzo ya vitendo kwa watu wenyewe.

Wanaosoma makuzi ya mtoto watakutana na Piaget na Vygotsky, wanasaikolojia waliochunguza akili ya mtoto inavyokua, wote wawili wazaliwa wa 1896, na watakutana na Mary Ainsworth. Huyu msimkimbilie kumwita Mzungu wa mbali. Mambo yake juu ya namna mtoto mchanga anavyomng'ang'ania mama yake yalianza miaka ya 1950 katika vijiji vya karibu na Kampala, kwenye familia 26, akikaa majumbani mwao na kutazama. Ukilisoma hilo ukiwa Pemba, ambako mtoto ana mama, bibi, shangazi na jirani wote wakimbeba, utakuwa na maswali ya kumuuliza mwalimu.

Wa lishe watakutana na mkanda wa mkono. Ni ukanda mwembamba wenye rangi tatu, unazungushwa katikati ya mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, mtoto ana utapiamlo mkali na anakwenda kituoni leo hii, si kesho. Kutoka hapo hadi chini ya 12.5 ni njano. Kuzidi hapo ni kijani. Umbo lake ni la kuchezea, kazi yake imeokoa watu.

Na watakutana na ubao wa kupimia urefu. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa amelala, mkubwa zaidi amesimama, kwa sababu urefu wa kulala unazidi wa kusimama kwa takriban sentimita 0.7, na ukichanganya utamfanya mtoto aonekane amedumaa au amepona bila sababu. Kazi hii inataka watu wawili: mmoja ashike kichwa kiguse ubao, wa pili anyooshe magoti na kusogeza kibao cha miguuni.

Siku yangu ya kwanza ya fildi, upande wa Micheweni, tulimlaza mtoto wa miezi kumi na moja kwenye ubao ule mbele ya bibi yake. Bibi alisimama, akamnyanyua mjukuu wake, akasema: "Wangu hapimwi kama anayekatiwa sanda." Ua zima likanyamaza. Darasani hakuna aliyetuambia kwamba ubao mrefu, mtu kulazwa chali, na kamba ya kupimia vina maana nyingine kwetu. Mke wa sheha, aliyetupeleka pale, akamlaza mwanawe mwenyewe kwanza, akimwimbia. Kisha bibi akasogea. Mtoto wake tulimpima wa mwisho, na alikuwa chini ya mstari.

Ule mstari, kwa wanaopenda kujua, unatoka kwenye viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya 2006, vilivyotengenezwa kwa kupima watoto wa nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Marekani na Oman. Wazee wakisikia Oman hulainika kidogo.

Mambo ya vitabuni yanahusiana na Pemba kweli?

Zaidi ya munavyodhani. Vitabuni kwenyewe Pemba imo.

Kuna maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, Wawi, Chake Chake, iliyofunguliwa 2000. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 2000 watoto wa Pemba wa kuanzia mwezi mmoja hadi miezi 35 walishirikishwa kwenye utafiti mkubwa wa kupewa madini ya chuma na foliki asidi kila siku. Upungufu wa damu ulikuwa mwingi, na kila mtu alidhani chuma kitasaidia. Ikaonekana kwamba, katika kisiwa chenye malaria nyingi kama kilivyokuwa wakati ule, waliopewa chuma bila kupimwa kwanza walilazwa na kufariki zaidi ya wasiopewa. Sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa, matokeo yakachapishwa kwenye jarida la Lancet 2006, na dunia ikabadilisha mwongozo wake juu ya kugawa chuma kwa watoto katika maeneo ya malaria. Wale wenye upungufu wa chuma wa kweli walionekana kunufaika. Kwa hiyo mtu anayefungua duka na kuwagawia watoto vidonge vya "kuongeza damu" bila kipimo, mwanafunzi wa lishe anapaswa kumjia juu.

Jambo la pili ni chumvi. Pemba tunavuna chumvi yetu wenyewe kwenye mashamba ya pwani, na chumvi ya wazalishaji wadogo mara nyingi haikutiwa madini joto. Unaishi kisiwani, unakula samaki kila siku, na bado unaota tezi la shingo. Wengi hawaamini mpaka waone.

Na uji. Nenda nyumba yoyote asubuhi utazame uji wa mtoto wa miezi saba: mwembamba kama maji ya mchele, unateleza kutoka kijikoni kabla haujafika mdomoni. Tumbo la mtoto huyo ni dogo, linajaa maji na kushiba bure. Ukiukaza uji ukabaki juu ya kijiko, ukatia tui la nazi na dagaa lililotwangwa, hujaongeza gharama ya maana. Hapo ndipo miaka mitatu ya kemia inapoonekana jikoni. Kwa Tanzania nzima udumavu ulikuwa asilimia 34 ya watoto wa chini ya miaka mitano katika utafiti wa 2015–16, ukashuka hadi 30 katika ule wa 2022. Umeshuka, lakini ni watoto watatu katika kila kumi.

Sapu, kari, disko: haya maneno ni ya nini?

Sapu ni kurudia mtihani uliofeli. Kari ni kulibeba somo hadi mwaka unaofuata. Disko ni kurudi nyumbani. Muombe Mungu mulisikie neno hilo kwenye muziki tu.

Madaraja ya digrii ni haya: GPA 4.4 hadi 5.0 daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 la pili la chini, 2.0 hadi 2.6 ufaulu wa kawaida. Anayetaka shahada ya uzamili aelekeze macho kwenye 2.7 na zaidi. Wanaoanguka kwenye lishe huangushwa na kemia ya viumbe na takwimu. Takwimu hasa, kwa sababu wamekuja wakidhani wameikimbia Hisabati.

Kiingereza changu ni kibovu.

Na changu kilikuwa. Mihadhara yote ni kwa Kiingereza, na huwezi kukwepa. Lakini fildi yote ni kwa Kiswahili, na huko ndiko wanaojua lugha ya watu hung'ara. Wenzangu wa mjini walimuuliza mama wa Kipemba "mtoto anapata mlo kamili?" akawajibu ndiyo. Mimi nikamuuliza "jana kala nini tangu alfajiri?" akataja muhogo na chai ya mkandaa, basi.

Mimi ni mwanamume. Nitachekwa?

Utachekwa wiki mbili. Darasani kwetu wanaume walikuwepo wa kutosha. Kuna faida yake pia: baba ndiye mara nyingi ana pesa ya samaki, na baba humsikiliza mwanamume mwenziwe kwenye baraza ya kahawa kuliko atakavyonisikiliza mimi.

Nimeolewa na nina mtoto mchanga. Nisubiri?

Inategemea nani yuko nyumbani. Chuo Kikuu Huria kimeundwa kwa watu kama wewe: kilianzishwa kwa sheria ya 1992, unasoma ukiwa kwako, unakwenda kituoni kwa mitihani na mafunzo ya ana kwa ana, na kina digrii ya chakula na lishe. Shida yake ni mafunzo ya maabara, ambayo yatakutaka usafiri. Zungumza na mumeo kuhusu siku hizo kabla ya kulipa ada, si baada. Wapo waliosimama mwaka wa pili kwa sababu safari ya wiki mbili iliwashtukiza watu nyumbani.

Na ukinyonyesha, nyonyesha. Miezi sita ya maziwa ya mama pekee hutaisoma tu, utaifanya.

Binti yangu hajawahi kulala nje ya Pemba. Morogoro atakaa vipi?

Wallahi hili ndilo swali ninaloliheshimu kuliko yote, mama. Boti hadi Dar es Salaam, kisha basi, au tangu 2024 treni ya SGR inayomfikisha Morogoro kwa muda mfupi sana ukilinganisha na zamani. Chuoni kuna hosteli za wasichana, ila hazitoshi wote. Aombe chumba siku ile ile anapothibitisha nafasi. Kuna msikiti, kuna wanafunzi wa Kizanzibari, na Ramadhani hufuturu pamoja. Morogoro asubuhi ni baridi kwa sisi wa pwani, mpe sweta. Mpe na chupa ya pilipili ya kukaanga, chakula cha kule hakina ladha ya kwetu.

Mimi mama alinifungia mkate wa mofa ishirini. Wiki ya kwanza nililia usiku. Ya tatu nikasahau kupiga simu nyumbani, akalia yeye.

Kazi ipo?

Ipo, haijakaa ikikungoja. Hospitali, wizara, ofisi za wilaya, mashirika yanayofanya kazi za mama na mtoto, viwanda vya chakula. Bara kila halmashauri inatakiwa iwe na afisa lishe, na Wazanzibari wenye digrii huomba huko pia. Wa ustawi wa jamii wanahitajika na mahakama na polisi tangu Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011 ilipoweka wazi wajibu wa kumlinda mtoto. Wa makuzi wana skuli za maandalizi, ambazo kwa sera yetu ya elimu ya 2006 ni sehemu ya elimu ya msingi, na wana vituo vya watoto wadogo vya Tucheze Tujifunze mitaani. Wapo pia waliojiajiri kwa unga wa lishe. Baadhi unga wao ni mzuri, wengine wamechanganya nafaka saba bila kujua kwa nini.

Kwa mshahara sikutajii namba. Anayekuahidi namba kabla hujasoma ana kitu anachokuuzia.

Jina la cheti cha kuzaliwa na la cheti cha skuli hayafanani. Nifanye nini?

Hili limewachelewesha Wazanzibari wengi kuliko alama mbaya. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, skuli wameandika Hamis. Huku Mwanakhamis neno moja, kule Mwana Khamis maneno mawili. Jina la babu limetumika kidato cha nne, la ukoo kidato cha sita. Mfumo wa mkopo haujui kwamba ni mtu mmoja.

Panga vyeti vyote juu ya meza leo: kuzaliwa, kitambulisho cha Mzanzibari, kidato cha nne, kidato cha sita. Soma kila herufi kwa sauti, na mtu mwengine afuatilie kwa kidole. Ukikuta tofauti, nenda kwa mwanasheria ukaape hati ya kiapo ya majina, utoe nakala kadhaa, na upande mwingine uanze marekebisho ya cheti chenyewe kwa sababu hayaishi kwa siku moja. Hati ya kiapo iambatanishe kila unapoomba, hata kama hawajaiuliza.